Bomba la Samaki wa Bwana Ndirangu

Mwaka wa sitini na sita watu wa Garissa walipanga foleni ya maji chini ya bunduki, huku samaki wa Bwana Ndirangu wakibadilishiwa maji mchana kutwa. Usishangae. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, seuze samaki.

Bwana Ndirangu alikuwa ofisa wa mifugo aliyetoka Kenya, kama tulivyoita bara sisi wa huku. Sebuleni aliweka tangi la kioo. Maji yaliingia kutoka kwenye pipa la juu ya paa, na yaliyozidi yalitoka kwa bomba. Lo, bomba hilo! Lilikoroma, likacheua, na kila likicheua askari wa lindo alilala kifudifudi akidhani shifta, waasi wa msituni, wamefika. Kabati la vyombo lilikwisha kula risasi mbili.

Akaitwa Nunow, fundi wa bomba. Kwa Nunow, mtu wa ngamia, samaki ni nyoka aliyepotea njia. Lakini alikwenda mbio, kwa sababu nyuma ya nyumba ile palikuwa na zizi la serikali, na humo alifungwa Barwaqo, ngamia wake aliyewanyonyesha watoto wake. Alizolewa pamoja na ngamia wa shifta, kwa kuwa chapa ya shingoni ni ya ukoo mzima, na ukoo una shifta, una mashehe, na una mafundi bomba. Nunow alikwisha kwenda kumwomba ofisa, akaambiwa alete ushahidi kuwa ni wake. Angeutoa wapi?

Kazi yenyewe aliifanya vizuri. Kelele ni hewa inayomezwa pamoja na maji, kwa hiyo alitia koki kwenye bomba, akaikaza kidogo kidogo mpaka maji yakajaa ndani na hewa ikakosa nafasi. Kimya. Kando yake akaweka bomba la pili, mdomo wake juu zaidi, ili jani likiziba la kwanza, zulia la Bwana lisiogelee. Akauliza maji ayapeleke wapi. Akajibiwa popote, mradi yasisikike.

Basi akayapitisha chini ya ua hadi kwenye hori la zizi.

Barwaqo akaja, akanusa, akasimama. Huku kwetu ngamia hanyweshwi kama debe linavyojazwa, huimbiwa. Huyu alidekezwa kwa wimbo tangu ndama, na zizini alipewa ndoo na matusi, ndiyo maana mbavu zilihesabika. Nunow akatazama kushoto na kulia, akaimba. Barwaqo akainamisha shingo, akanywa. Nunow akalia, mtu mzima yule.

Wimbo ukamtoa Bwana Ndirangu nje, na askari nyuma yake.

"Bwana, ushahidi ndio huu," Nunow akasema. "Hanywi ila nikimwimbia."

Bwana Ndirangu akamwamuru askari aimbe. Askari akaimba wimbo wa kanisani, beti zote, na Barwaqo akamtazama kwa huruma. Nunow akaimba tena, Barwaqo akanywa. Ofisa akatikisa kichwa kukubali, hata akaanza kutafuta ufunguo mfukoni.

Hapo ngamia wengine wote wa zizi, wale wa shifta, wakaja wakisukumana, wakainama kunywa. Wimbo nao, kumbe, ni wa ukoo mzima.

Mkono wa Bwana Ndirangu ukabaki mfukoni. "Na hawa pia ni wako?"

Askari akakoki bunduki. Nunow akaelewa: wimbo ukiwa ushahidi wa mmoja, ni ushahidi wa wote, na mwenye ngamia wa shifta ni shifta.

"Hapana, Bwana," akasema. "Hata yule mmoja si wangu."

Bwana Ndirangu akaridhika. Akamsifu kwa bomba, akasema sasa ndani mtu anaweza hata kusoma gazeti. Nunow akakusanya spana zake, roho ikimchanika. Barwaqo alikwisha inua kichwa, maji yakimdondoka midomoni, akingoja wimbo uendelee. Nunow akapita karibu naye amefumba mdomo.

Nyumbani, mkewe Maryan alisikia kuwa mumewe ameitwa kwa ofisa wa mifugo. Alimpokea mlangoni, kibuyu kitupu cha kukamulia mkononi, kimeoshwa na kufukizwa moshi tayari.