Anawafanyia Nyuki Kazi Yao

Saa sita na robo mchana maua ya pasheni yanafunguka, na Bi Haraka hasalimii mtu. Jina hilo amepewa na wenzake shambani na halijawahi kumkera. Kidole kinachota chavua ya njano kwenye ua hili, mguu umeshafika mmea wa pili, kidole kinaipaka kwenye ua lile. Usiku maua yatajifunga, na ambalo halikuguswa litadondoka.

"Usisimame kwenye mstari wangu," anamwambia mwandishi wa gazeti aliyekuja kumhoji. "Uliza huku unatembea."

Kwa siku anagusa maua zaidi ya elfu mbili. Ana miaka hamsini na mbili, bega la kulia limeanza kugoma, na ujira wa wiki unaishia kwenye unga, kodi na karo ya binti yake anayejifunza ushonaji.

Alipoajiriwa kuvuna, miaka kumi na moja iliyopita, kazi hii haikuwapo. Ilikuwa ya nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao kavu na kulala humo. "Walikuwa wanavuma mpaka tunapigiana kelele ndiyo tusikilizane," anasema. Vipepeo, nyigu, mbawakawa, wote walikuwapo, na hakuna aliyewaza kuwahesabu. Kisha dawa ya wadudu ikawa inapigwa kila wiki, kichaka cha pembeni kikafyekwa, miti mikavu ikachomwa. Maua yakaendelea kuchanua, matunda yakawa ya kutafuta. Mwenye shamba akaajiri wanawake wanane wenye vidole vyepesi.

Wiki ya kwanza aliboronga. Alimaliza mstari mzima akipaka kila ua chavua ya mmea uleule, akajisifu kwa kuwa wa kwanza kumaliza. Halikushika hata tunda moja, maana pasheni ya njano inataka chavua ya mmea mwingine.

"Nyuki hakufundishwa na mtu na hakosei," anasema huku akicheka. "Mimi nilifundishwa siku mbili nzima!"

Lakini leo kicheko hakidumu. Siku nne zilizopita aliona unga wa mbao chini ya nguzo moja kuukuu inayobeba waya wa mipasheni. Akainua macho: tundu la duara, na ndani kitu kinavuma. Na kesho asubuhi nguzo zote za mbao zinang'olewa, ziwekwe za zege. Za zamani zitachomwa.

Tangu hapo usingizi umemruka. Nyuki wakirudi, nani atamlipa yeye? Akinyamaza, moto utamaliza maneno. Anaona haya kukiri kwamba siku tatu alinyamaza kweli.

Saa tisa uzalendo unamshinda. Anamwita msimamizi.

"Bosi, nguzo hii msiichome. Nipe mimi."

Msimamizi anachungulia, nyuki anachomoka, bosi anaruka nyuma nusura aangushe kofia. "Bi Haraka, huyu si ndiye mwenye kazi yako? Unamlea wa nini?"

"Nipe nguzo."

"Chukua. Siku ukikosa kazi usije kunililia."

Anangoja jua lizame, nyuki arudi kulala, ndipo azibe tundu kwa kitambaa na nguzo ing'olewe. Nyuma ya chumba chake, upande wa pili wa ukuta wa shamba, ameotesha miche mitatu ya pasheni. Ataisimika nguzo hapo, chini ya bati, mahali pasipofika dawa.

Binti yake amekuja kusaidia kubeba, na hajaridhika. "Mama, mmoja tu atafaa nini?"

"Anayetoboa ni jike. Anataka kutaga."

"Wakizaana wataruka ukuta, warudi shambani."

"Ndiyo ninachotaka."

"Na wewe je, mama?"

Bi Haraka anafuta mikono kwenye kanga. Anaogopa, na wala hafichi.

"Nitauza matunda yangu, nikiyapata. Kazi ile ni yao, mwanangu, mimi niliwashikia tu. Haya, inua upande wako, usimtikise."