Picha ya Watu Wawili

Asifiwe Mungu, aliyeiita nuru itokee kabla hajaumba hata jicho moja la kuiona. Asifiwe kwa asubuhi za Tunduma zenye vumbi na moshi wa malori yanayosubiri kuvuka, na kwa asubuhi za Ibaba zenye ukungu, maana zote ni zake. Mimi mzee niliyepewa miaka mingi kuliko nilivyoomba, namshukuru kwanza, ndipo nisimulie jambo lililoninyima utulivu msimu mzima wa mavuno.

Nina kamera ndogo. Inaingia kwenye mfuko wa koti na kubaki nafasi ya leso.

Tangu nilipoacha kufundisha chuo cha Biblia nimekuwa mpiga picha wa kanisa letu hapa mjini: ubatizo, kipaimara, ndoa, maziko. Kamera niliyokuwa nayo kwanza ilikuwa kubwa, na lenzi yake ndefu kama mchi. Nikiwa nimekaa benchi la mwisho niliweza kuuvuta uso wa bibi harusi mpaka machozi yake yakaonekana yanavyoning'inia kwenye kope. Lakini bega langu likaanza kulalamika, halafu likagoma kabisa. Binti yangu, ambaye kazi yake iko mbali na huku, alipokuja likizo akaniwekea mkononi hii nyingine.

"Baba, hii ni ndogo kwa nje," akasema, "ila ndani ni kubwa."

Vijana wa studio za hapa mpakani wanaiita fulufremu. Walinieleza kwamba kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga kina ukubwa sawa na kipande cha filamu ya zamani, wakati kamera nyingi za umbo hili zina kibamba kama ukucha. Ndiyo maana inaona gizani. Jumapili moja umeme ulikatika katikati ya ibada ya ubatizo, tukawasha mishumaa, na hata hivyo matone ya maji kwenye paji la mtoto yalitoka safi, moja moja. Nilishukuru kwa sauti, mchungaji akadhani naitikia sala.

Lakini kila zawadi ina adabu yake ya kujifunza. Lenzi ya kamera hii imefungwa palepale, haivuti. Ukitaka uso wa mtu, miguu yako ndiyo ivute. Mwili wake ni laini kama sabuni iliyolowa, na vidole vyangu si vya ujana. Haina kitundu cha kuweka jicho. Unatazama kioo cha nyuma, na jua la saa sita likikipiga huoni ila sura yako mwenyewe. Betri yake ni ndogo mno, inaisha kama posho.

Kwenye harusi ya kwanza niliyokwenda nayo, mshereheshaji alishika kipaza sauti akasema, "Jamani, mpisheni babu, anatafuta mtandao!" Ukumbi ukacheka. Mama wa bibi harusi akanijia mbio.

"Mzee wetu, kamera yako ya kweli iko wapi?"

"Ndiyo hii, mama."

"Hii? Si ya watalii hii?"

"Subiri uone picha."

"Nitasubiri, lakini mbona umemwingia mwanangu usoni kama unamtoa kibanzi jichoni?"

Picha zilipotoka alinitumia salamu na kuku. Hata hivyo mimi sikutulia. Kila nilipokwenda nilikuwa naipapasa mfukoni, kama iko, kama ina chaji, kama nimeizima. Katikati ya sala mkono ulishuka wenyewe. Nikawa mtu wa kuinuka kwenye kiti, kukaa, kuinuka tena. Nilijidanganya kwamba ni mambo ya kamera.

Haikuwa kamera. Ilikuwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa anaishi Ibaba, juu milimani Ileje, katika nyumba tuliyozaliwa. Mama yetu alifariki mimi nikiwa bado mgongoni, na mgongo ulionipokea ukawa wa dada. Siku hizo picha zilikuwa mali ya watu waliotoka migodini ng'ambo. Mama alizikwa bila picha. Mbele ya jeneza lake ulitembea msalaba peke yake. Sura yake siijui. Wazee waliomjua, kabla hawajaisha, walikuwa wakiniambia neno lilelile: "Ukitaka kumwona mama yako, mngoje dada yako acheke."

Sasa nikaletewa habari na mwanamke wa Ileje aliyeshusha maharage sokoni, kwamba dada anakohoa tangu masika na hataki kushuka hospitali. Nikafungua picha zangu zote za miaka. Dada yumo kwenye harusi nyingi, lakini kila mahali ameziba kinywa kwa khanga au amegeuka. Picha ya dada akicheka sikuwa nayo hata moja. Ikiwa angeondoka hivyo, sura mbili zingeondoka siku moja.

Nikapanda gari pale stendi ya Mpemba mpaka Isongole, na kutoka hapo pikipiki ikanipandisha milimani, mkono mmoja kwa dereva, mwingine mfukoni.

Nilimkuta jikoni anapepeta maharage. Moshi ulikuwa umejaa mpaka kwenye dari. Alinitazama koti kabla ya kunitazama uso.

"Umekuja mikono mitupu na mfuko umetuna. Ni mkate?"

"Ni kamera, dada."

"Hiyo? Ile bunduki yako umeiuza?"

"Bega limeikataa."

"Afadhali. Ilikuwa inanitafuta toka ng'ambo ya bonde kama nimeiba kuku." Akacheka kidogo, khanga mdomoni, kisha kikohozi kikamshika mpaka akaegemea ukuta.

Kikohozi kile kiliniondolea akili. Badala ya kukaa na kuuliza habari za shamba kama mtu mwenye adabu, nilitoka uani. Nikachukua kiti cha mbao, nikakiweka mbele ya ukuta uliopigwa lipu. Nikatundika ukutani khanga mpya niliyomletea, ili nyuma pawe safi. Nikakiweka kiti sawa, nikarudi hatua kadhaa, nikakitazama. Nilikuwa najisifu moyoni kwa mwanga mzuri wa ukungu.

Dada akatokea mlangoni. Akatazama kiti. Akatazama khanga.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, dada."

"Na kiti hicho ni cha nani?"

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Kwetu milimani mzee hapigwi picha ya peke yake, amekaa, uso mbele, kitambaa nyuma. Picha ya namna hiyo ni ile anayoibeba mjukuu mbele ya jeneza. Ukionekana unapigwa, majirani wanaacha majembe na kuja kuuliza unaumwa nini. Mimi niliyeongoza maziko mengi kuliko harusi nilikuwa nimempangia dada yangu msiba uani kwake mchana kweupe.

"Umesikia nakohoa, umekuja na fremu," akasema.

"Sijaja na fremu."

"Zinauzwa Vwawa mjini. Unadhani sijui zinauzwa Vwawa?" Akaingia ndani.

Nilimfuata, nikakaa kwenye kigoda. Lakini moyo haukukaa nami. Niliiweka kamera juu ya goti kama mtu anayeipumzisha. Haina sauti, nikawaza, ni ndogo, nikawaza, inaona gizani. Dada alikuwa ameinama juu ya ungo, mwanga wa moto umemshika shavu. Nikabonyeza taratibu.

Nilichosahau ni kwamba penye giza kamera hii hutoa kitaa cha rangi ya chungwa ili kupima umbali. Kikawaka, kikampiga dada jichoni.

Ungo ukasimama.

"Kidudu chako kimenikonyeza."

"Dada..."

"Mzee wa kanisa. Mwalimu wa Biblia. Unamwibia dada yako uso jikoni kwake?" Akajifunika khanga mpaka machoni. "Toka nacho."

Nikatoka. Nikazunguka ua, nikaenda mpaka kwenye migomba, nikarudi, nikaenda tena. Baridi ilikuwa imeila betri. Alama yake ilikuwa imeshuka mpaka mstari wa mwisho, na betri ya akiba niliiacha Tunduma, imechomekwa ukutani. Nikaitamani kamera yangu kubwa. Ningekuwa nayo ningevuka bonde, nikakaa nyuma ya mahindi makavu, nikamngoja atoke kuanika maharage na kucheka na jirani. Ningeipata, naye asingejua mpaka siku ya msiba wake.

Nilisimama hapo nikiwa nimeishika ile ndogo. Kwa kamera hii hakuna nyuma ya mahindi. Ili uso ujae, lazima niwe karibu kiasi cha kusikia pumzi ya mtu, na aliye karibu hivyo ama amekukubali, ama amekufukuza. Mimi nilikuwa nimefukuzwa, na kwa haki.

Nikarudi ndani. Sikukaa. Nikaiweka kamera ndani ya ungo wake, juu ya maharage.

"Dada, mimi mama simjui."

"Humjui vipi, nawe ulimnyonya?"

"Nilimnyonya, sura siikumbuki. Wanasema iko kwako, ukicheka. Nimezeeka naingoja, na kila mara unaifunika."

Alishusha khanga kutoka machoni. Aliigeuza kamera kwa kidole kimoja kama anayeangalia harage lenye mdudu. Moto ulilia.

"Ungesema hivyo ulipovuka mlango," akasema mwishowe, "badala ya kupanga viti kama kamati ya mazishi."

"Nisamehe."

"Peke yangu sikai. Picha ya watu wawili haibebwi mbele ya jeneza. Kaa na wewe."

"Na nani atapiga?"

"Hilo ni lako na kidudu chako."

Kijiji kizima kilikuwa mashambani. Nikageuza kinu kichwa chini pale uani, nikaweka juu yake mfuko wa maharage, na kamera juu ya mfuko. Ikateleza, nikaidaka, nikaiweka tena. Lenzi hii isiyovuta ina heri yake: ilitutosha sote wawili, na mlango wa jikoni, na kipande cha mlima. Nilikitoa kiti, nikaing'oa khanga ukutani, tukaleta benchi. Dada akakaa, mdomo ameukaza kama mtu wa pasipoti.

"Nikibonyeza itajihesabia yenyewe, halafu itapiga. Mimi nakuja kukaa."

"Na magoti hayo?"

Nikabonyeza. Kitaa kikaanza kupepesa. Nikakimbia, ikiwa kule ni kukimbia. Kuku mwenye vifaranga akakatiza, nikamruka, kofia ikaanguka, nikainama kuiokota, nikakumbuka hesabu inaendelea, nikaiacha, nikajitupa kwenye benchi ubavu ubavu. Nilimsikia dada kabla sijamwona. Alikuwa anacheka kwa mwili wote, mikono miwili imeshika benchi asianguke, khanga iko mapajani.

Nilipoinuka kwenda kutazama, kioo kilikuwa cheusi. Betri imekwisha.

"Imetoka?" akauliza, akipangusa machozi.

"Sijui, dada."

"Umenichekesha bure, basi."

Ibaba kulikuwa na umeme wa jua wa jirani, lakini waya wangu ulikuwa nyumbani pamoja na betri. Nikashuka mlima bila kujua. Njiani nilimkumbusha Mungu jambo hilohilo mara nyingi, kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake. Nilipofika Tunduma sikuvua viatu. Nikaingiza betri iliyojaa, nikawasha.

Ilikuwa imetoka. Mimi nimetoka ukungu mtupu, nusu ya kichwa, mkono hewani. Lakini dada ametulia katikati ya kicheko chake, safi, kila mkunjo mahali pake, na pengo la jino ambalo ndilo lililokuwa likifunikwa miaka yote. Nikamtazama. Halafu nikamwona wa pili ndani yake, mdogo kwangu kwa umri sasa, ananitazama kama mtu aliyekuwa chumba cha pili akisubiri kuitwa. Nilikaa sakafuni na viatu vyangu.

Nilikwenda Vwawa kuisafisha, maana nilitaka karatasi nzuri. Kijana wa studio akaikuza, akapiga mluzi.

"Mzee, hii ina ubora. Wewe umetoka vibaya ila bibi yuko safi kabisa. Nikukate? Nikimbakiza peke yake uso unajaa fremu, na haupotezi kitu."

Alikuwa anasema kweli. Kile kibamba kikubwa kimehifadhi kiasi hicho. Unaweza kukata robo na bado ukapata picha kamili. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kompyuta. Nami nilijua kwamba siku moja tutaihitaji ile ya peke yake, na kwamba siku hiyo hakuna atakayenilaumu.

"Acha," nikamwambia. "Nilikaa kwa masharti."

Nikampelekea dada. Aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaigusa kwa ncha ya kidole pale kwenye pengo.

"Ndiye," akasema. Akaipangusa kwa pindo la khanga. Kisha akaanza upya: "Lakini nikifa, wajukuu hawana nyingine, watabeba hii hii. Watu wa Isongole wakiiona watauliza, aliyekufa ni yupi?"

"Watanijua, dada. Nitakuwa nyuma nalia."

"Au utakuwa umetangulia, na mimi nakusindikiza kwa kikohozi."

Alicheka, na mkono ulipanda kuelekea mdomoni kwa mazoea, ukaishia shingoni. Wiki ile alikubali kushuka nami hospitali. Wamempa dawa na kumwambia apikie nje; dawa anakunywa, nje anapika siku ambazo hakuna ukungu. Picha iko kwenye ukuta wa jikoni, inaanza kushika rangi ya moshi. Kamera iko mfukoni mwangu, na mkono wangu bado unaipapasa, sitasema nimepona.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, Mungu akuzidishie nuru nyumbani mwako na miguu ya kusogelea unaowapenda. Akuwekee hai wale ambao hujawatazama vya kutosha, na akikukuta unacheka, akukute hujajifunika. Amina.