Ukuta Mweupe wa Mama Abeer

Kama kuna mtu Rumonge, huku kando ya ziwa, aliyejua kuzalisha uzuri kutokana na takataka, basi ni Fahima, mama wa Abeer. Wewe ukikiona kiroba cha mchele kilichokwisha, unakiona kiroba. Yeye keshakiona pazia. Kidumu cha mawese kikipasuka, watu hutupa, yeye hukikata akakipandia maua. Chandarua kilichotoboka alikichovya kwenye maji ya maganda ya vitunguu, kikatoka na rangi ya dhahabu, na wageni wakauliza kitambaa hicho kimetoka Dubai au wapi. Kimetoka hospitali, mama, bure! Hakuwa bahili, msimsingizie. Tangu mumewe afariki alikuwa akianika dagaa wa watu ufukweni, ndagala kama tunavyowaita, na anayeanika ndagala za watu hanunui pazia dukani. Haba na haba yake ndiyo iliyokuwa ikijaza kibaba.

Ila uhodari wake wenyewe hasa ulikuwa ukuta. Mtaani kwao, kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, wanawake hupaka kuta za mbele, maana mwezi wa Idi hautakiwi kukuta ukuta mchafu. Kila mtu hupaka udongo mweupe, ule unaoitwa ingwa, na kila mtu, ukiegemea ukuta wake na koti jeusi, unaondoka na mgongo mweupe. Wa Fahima, egemea utakavyo. Alichekecha udongo kwa mtandio mkuukuu, akauchanganya na uji mwepesi wa muhogo na sabuni ya mawese iliyoparuzwa, akaulaza, ndipo akapaka tabaka juu ya tabaka. Ukikauka, haubanduki. "Labda mubomoe nyumba," alikuwa akiwaambia wenzake, huku akicheka, na kweli alijivuna. Apewe haki yake.

Nyumba hiyo aliijenga mumewe kwa mikono yake, wakati ziwa lilipokuwa mbali, mtu akikuita kutoka majini husikii. Halafu ziwa likaanza kupanda. Mwaka wa kwanza likachukua michikichi ya ufukweni, mwaka wa pili vyoo, mwaka wa tatu likaanza kula nyumba za safu ya mbele. Kwa Fahima lilikuwa halijaingia mlangoni. Lilikuja kwa chini, kinyemela. Sakafu ilitoa jasho asubuhi, ukikanyaga kwa kisigino panabaki shimo, na shimo linajaa maji. Miguu ya kitanda ilioza, ukuta wa ndani ukapiga mstari wa unyevu unaomfikia mtu magotini.

Kabla tu ya Ramadhani walikuja watu wa kuandikisha walioathirika na maji, wamebeba rangi nyekundu na brashi, wakiongozwa na Léonard, mkubwa wa mtaa. Pembeni mwa mlango wa Fahima wakachora mistari miwili iliyokatana, mikubwa, rangi ikichuruzika.

"Léonard, unaniwekea musalaba mulangoni kwangu?" Fahima akamtania. "Na Ramadhani yangu hii?"

"Amahoro, Mama Abeer. Iko alama tu," Léonard akasema. Alikuwa mtu wa upole, ila siku ile hakucheka. "Sikia vizuri. Watarudi wengine kuhakikisha. Hao hawakujui, hawanijui, wanajua alama. Nyumba yenye alama ndiyo itapewa parseli, kiwanja cha kujenga kule juu kilimani. Usiiguse."

"Nimesikia."

"Usiiguse, mama."

Basi akasikia. Jirani yake Bora naye alichorewa, na Bora hakuwa na tabu ya kuilinda alama yake. Bora ni mtu wa moyo safi, lakini ufagio na yeye hawajawahi kuelewana. Mlango wake ulioza chini, akauacha. Bati likapeperuka, akaweka karatasi la plastiki na tairi juu. Fahima alikuwa akimsema kila siku: "Bora, hata mafuriko yatapita kwako yakiziba pua!" Wakacheka wote wawili, Bora akicheka zaidi.

Kumi la mwisho likaingia, Fahima akapaka ukuta wote akaizunguka ile alama. Hapo ndipo Abeer alipopiga simu kutoka Kabonga, alikoolewa. Anakuja Idi, na mama mkwe wake anakuja naye, kwa mara ya kwanza tangu harusi. "Mama, yeye ana maneno," Abeer akasema. "Anasema nimetoka kwenye nyumba ya majini."

Loo! Neno hilo lilimchoma Fahima. Akatoka nje akautazama ukuta wake. Ulipokuwa mchafu wote, alama ile ilikuwa uchafu kati ya uchafu. Sasa ukuta umekuwa mweupe, na ile nyekundu katikati yake ni kama mahali palipochinjiwa mbuzi. Mkwe mwenye maneno atafika, kitu cha kwanza atakachokiona ni hicho, na Abeer atasimangwa kwacho maisha yake yote.

Akajisemea: walioichora wameniona kwa macho yao. Léonard ananijua tangu siku ya harusi yangu. Na mkubwa gani wa serikali atembee kwenye matope siku za Idi? Nitaifunika, wakija nitawaambia iko chini. Akachovya brashi. Tabaka la kwanza nyekundu ikawa waridi, la pili ikawa kivuli, la tatu ikapotea kabisa.

Kisha akaingia ndani kuuficha unyevu, na hapo, jamani, mikono ilikwenda. Viti akaviinua juu ya matofali, matofali akayafunika kwa marinda ya viroba. Ule mstari wa ukutani akauvika kitambaa kuzunguka chumba chote, kina maua ya kufuma kila penye mshono. Sakafuni akatandika majani makavu ya mchikichi, juu yake mikeka miwili miwili. Dirishani akaning'iniza vyandarua vyake vya dhahabu, na njia ya kuingilia akaipangia makome ya ziwani pande zote mbili. Alipomaliza alikaa akakitazama chumba, akafurahi. Kwa siku ile moja alisahau kabisa kwamba chini ya mkeka kuna ziwa.

Idi ikafika, mkwe akafika. Akavua viatu, akapapasa pazia, akatazama dari, akatafuta kasoro akakosa. "Kumbe Abeer ametoka kwenye nyumba," akasema, na Abeer akamtazama mama yake, macho yamejaa machozi. Hiyo ndiyo ilikuwa Idi ya mwisho ya Fahima yenye raha.

Wageni walipoondoka, mapambo hata hayajashushwa, kukapigwa hodi. Alikuwa Léonard, na mwanamke mmoja mgeni mwenye viatu vya mpira. Fahima hakuuliza wameletwa na nini. Idi haijapoa, mtu amekuja mlangoni, mtu huyo ni mgeni. Akawaketisha, akamimina kahawa, akaleta visheti.

"Mama, nyumba yako nzuri," yule mwanamke akasema. Alikuwa mpole pia, na hilo ndilo baya zaidi. "Pazia hili umelinunua wapi?"

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fahima akaanza: kiroba, maganda ya vitunguu, chandarua. Akaeleza mpaka ukuta, uji wa muhogo, sabuni, na jinsi usivyobanduka. Léonard alikuwa amemkazia macho akimtikisia kichwa, lakini Fahima, akiwa kwenye sifa zake, hakumwona.

"Murakoze, asante, mama." Mwanamke akasimama, akamgeukia Léonard. "Hii haina alama. Tuendelee."

Ndipo Fahima alipozinduka. "Iko! Alama iko, dada yangu! Iko chini ya udongo, nilifunika kwa ajili ya Idi tu!"

Akakimbilia kisu cha jikoni, akatoka, akaanza kuparuza ukuta. Akaparuza kwa nguvu zake zote. Udongo wake ulikuwa umeshikana na ile rangi, na rangi imeshikana na lipu, na lipu imelowa maji. Vikatoka vyote kwa pamoja, vipande vipande, vikadondoka kwenye makome. Chini yake palikuwa na tofali tupu. Akapiga magoti akaokota vipande, akavigeuza upande wa nyuma kutafuta wekundu. Akapata kimoja, kidogo kama ukucha, akamwonyesha yule mwanamke.

"Bibi, huyu namujua," Léonard akasema. "Walichora mbele yangu."

"Na mwingine ataniambia hivyo hivyo, shefu. Kila nyumba ina wa kuisemea."

Fahima akamshika yule mwanamke mkono akamrudisha ndani. Akafunua mkeka, akafunua wa chini yake, akafunua majani. Matope yakaonekana, meusi, yanameta. Akang'oa kitambaa cha ukutani, maua yake ya kufuma yakachanika. "Tazama! Tazama mwenyewe!"

Yule mwanamke akatazama matope, halafu mapazia, halafu sahani ya visheti.

"Kila nyumba huku ina unyevu," akasema taratibu. "Mama, mimi natoka kwa watu ambao maji yamewafika. Watu wale hawashoni mapazia."

Akaaga kwa adabu. Kwa Bora hata hakuingia. Alisimama mlangoni, akaona tairi juu ya plastiki, akaona alama, akamwambia Bora ajiandae kuhama. Bora akaanza kulia, akaelekeza kwa Fahima, "Na yeye! Na yeye je? Kwake maji yalianza kabla ya kwangu!" Léonard alirudi ofisini kwa wale waandikishaji kumsemea mara nyingi baadaye, kila mara akaambiwa parseli zimekwisha.

Masika hayo ziwa halikungoja. Liliingia kwa Fahima mchana kweupe, polepole kama mtu wa nyumbani, likainua mikeka, likatembea na vidumu vyenye maua mpaka mlangoni. Majirani walimtolea sanduku lake la vitambaa na kitanda. Ukuta wa nyuma ulianguka kwanza, kisha wa ubavuni, bati likalala. Abeer akasema mama aende Kabonga, lakini Fahima akaimaliza simu kwa maneno mengine. Kwa mkwe yule? Aende akasemwe mpaka kaburini? Akaenda kwa Bora.

Bora alikuwa amejenga kibanda chake kule kilimani, cha miti na udongo, akampa Fahima kona yenye dirisha. Hakuwahi kumwambia neno la kumkumbusha. Fahima alipika, alifagia, lakini sanduku la vitambaa hakulifungua.

Kutoka dirisha lile ziwa linaonekana lote. Na ndani ya ziwa, mbali kidogo na ufuko mpya, ulibaki umesimama ukuta mmoja wa mbele, na mlango usio na mlango. Kuta zote za safu ile zilikwisha kuwa tope. Huo ulisimama, mweupe pee, na paruzo moja ubavuni. Wavuvi wa mukeke walikuwa wakiutumia kuelekeza mitumbwi yao. "Elekea kwa Mama Abeer," walikuwa wakiambiana, na wageni waliopita barabarani walisema, nyumba ile ilikuwa nzuri kweli.

Idi ya kuchinja ilipokaribia, Bora akaja na beseni la ingwa kichwani. Alikuwa amelifuata mwenyewe mbali, Bora yule yule wa ufagio, akiwa anahema na kucheka.

"Ndugu yangu, leo nifundishe," akasema. "Uji wa muhogo nimeshapika. Nataka ukuta kama wako."

Fahima alikuwa amekaa dirishani. Akalitazama beseni. Udongo ulikuwa mzuri, laini, usio na mchanga. Vidole vyake vikaugusa kabla hajavizuia. Halafu akavifuta kwenye khanga yake, kimoja kimoja.

"Kaumwage, Bora."

"Kaumwage? Na Idi je?"

"Uache ukuta wako hivyo hivyo," Fahima akasema. "Siku moja watakuja tena kutazama, na wakija, wewe wakuone."