Usiku Niliomwacha Bibi Parvin Peke Yake

Ipo siku moja ya Desemba ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hata leo naona haya. Nilikuwa msichana, nimetoka Taita juzi tu, nikimtunza mzee mmoja hapa hapa Najma, mtaa huu huu wa Uarabuni. Jina lake Bibi Parvin, mjane wa Kiajemi. Mchana namwogesha na kumpa dawa, jioni narudi chumbani kwangu, jengo la pili.

Asubuhi hiyo alinishika mkono.

"Binti yangu, leo ndio usiku mrefu kuliko yote ya mwaka. Kwetu, tangu enzi za mababu, hatuulali. Tunakaa pamoja, tunakula komamanga na tikiti maji, tunasimuliana hadithi mpaka jua lizaliwe upya. Mwaka huu mume wangu hayupo. Utakuja tukae?"

Sisi kwetu usiku ni ule ule, Januari hadi Desemba, kwa hiyo hata sikuelewa vizuri. Lakini nikajibu upesi, "Nitakuja, Bibi." Ulimi hauna mfupa.

Mchana nikamwambia Mercy, mwenzangu wa chumba. Akashtuka. "Jua lizaliwe? Si huko ni kuabudu jua? Wakisikia kanisani utasema nini?"

Nikaogopa. Sikumwogopa Mungu, mwanangu, nisikudanganye. Niliogopa midomo ya watu. Jua lilipotua nikafuatana na Mercy kutembea Corniche, ile njia ya ufukweni, tukicheka na upepo wa bahari.

Kulipokucha nikamkuta Bibi kitini, na nguo zile zile za jana. Mezani kitambaa chekundu, tikiti limekatwa, punje za komamanga zimejaa bakuli, sahani mbili safi.

"Nilikuwa na homa, Bibi," nikasema kabla hajaniuliza.

Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Lilikuwa baridi. Akakiacha hapo kitambo, kisha akanisogezea bakuli. "Kula, mgonjwa wangu."

Nikala, yeye akinitazama. Nilipomaliza akasema polepole, "Ungesema hapana, ningelala. Ni ile 'ndiyo' yako iliyonikesheza."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuvuka hata kizingiti. Na bado sikumwomba radhi. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho ikawa Ijumaa, Ijumaa ikawa mwezi ujao. Mwanawe akaja kumchukua ampeleke kwao Shirazi. Nilimfungia masanduku, nikamvisha koti, nikamfunga vifungo kimoja kimoja, nikamtakia safari njema tu. Kabla ya Ramadhani jirani akaniletea habari: Bibi Parvin amefariki.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea miaka ishirini na mitano, na hajaacha kulia.

Kwa hiyo nakuusia, wewe uliyeanza kazi juzi kule Lusail, unayeishi na watu wa kila taifa. Mtu akikukaribisha katika desturi ya kwao, muulize yeye maana yake, usimuulize asiyeijua. Ukiona huwezi, mwambie huwezi, na umwambie usoni. Ukimkosea mtu, mwombe radhi siku hiyo hiyo angali mbele yako, hata sauti ikitetemeka. Mimi nilingoja ujasiri, ukafika Bibi ameshaondoka.

Mungu akupe ulimi mnyoofu, mwanangu. Akupe miguu inayofika ulikoahidi, na ukizeeka usikose mtu wa kukaa nawe. Amina.