Gari la Kuvuta Tela la Farasi

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa mtaani: ni mimi niliyefunga tela kwenye bampa la gari la baba mdogo. Nililifunga kwa mnyororo wa ng'ombe, mizunguko mitatu, nikakaza kwa kipande cha nondo. Ilikuwa Jumapili asubuhi, yeye bado yuko ndani anatafuta tai yake ya kwaya. Nilitaka kujua kama kile kigari chake cheupe kingeweza kuvuta. Na nilikuwa nimepanga kumwambia, haki ya Mungu. Nilipanga kumwambia akitoka tu, ila nikaenda kwanza kumalizia chai.

Baba mdogo akatoka na suti, akawasha, akaondoka kwa ule mwendo wake wa mtu anayesubiriwa kuanzisha wimbo. Tela nilikuwa nimelikingia mawe kwenye matairi lisije likashuka mtaroni, kwa hiyo halikusogea hata kidogo. Kilichosogea ni gari, likaliacha bampa nyuma linaning'inia kwenye mnyororo. Alifika nyumba ya nne ndipo akashangaa mbona Mabatini nzima, mtaa wetu huo, inamwonyesha vidole huku imeshika mbavu. Aliposhuka hakuliangalia gari kwanza. Aliangalia mlango wetu. Nina sifa zangu.

Sasa hilo tela. Lilikuwa la farasi, na Mwanza hii mimi sijawahi kuona farasi zaidi ya yule wa kwenye kitabu cha darasa la pili. Mzungu mmoja aliyekuwa akiishi kule ufukweni alikuwa nao wawili, akahama, farasi wakaenda sijui wapi, tela likabaki. Mama akalinunua. Watu walimcheka, na mimi nilisaidia kucheka, maana tulikuwa na tela la farasi bila farasi wala gari la kulivuta.

Lakini mama alikuwa na hesabu yake. Miaka kumi na moja alikuwa dereva wa trekta kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mwanamke peke yake, akivuta matela ya marobota. Kiwanda kikapunguza watu, wakampa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Na kwa kuwa tangu serikali iseme biashara ni ruksa kila mtu amekuwa mfanyabiashara, walimu, manesi na wachungaji wote wakawa wanataka ng'ombe wa maziwa, wale wa kisasa wenye miguu kama ya bibi harusi. Mtamba wa aina hiyo humswagi kwa miguu kutoka Magu kama ng'ombe wetu wa kienyeji. Ukimtupa juu ya lori anafika na miguu mitatu. Tela la farasi lina kuta za mpira ndani, lina mlango unaolala chini ukawa ngazi, mnyama anapanda mwenyewe kama abiria mwenye tiketi.

Nesi mmoja ng'ambo ya ziwa, kule Busisi, alikuwa ameshaagiza mitamba wawili, na majirani zake walikuwa wanasubiri waone kama watafika wazima. Kilichobaki kwenye kiinua mgongo kilitosha gari moja, la bei nafuu, mara moja. Tukikosea, basi. Mama angerudi kwao Magu kushika jembe la pamba, na mimi ningeacha kidato cha tatu nikafuate mikia ya ng'ombe. Aliniambia hivyo hivyo, hata hakupepesa macho.

Kwa lile bampa nilitegemea fimbo. Haikuja, nikaogopa zaidi.

"Wewe bingwa wa kujaribu magari," mama alisema, "kesho ukitoka shule unavua sare, unakuja na mimi kuchagua gari. Na uje na wenzako wanne wenye mikono."

"Mikono ya nini, mama?"

"Ya mawe."

Kesho yake tulilisukuma lile tela sisi watano kama siafu na panzi wao, hadi kwenye kiwanja cha muuza magari, mwisho wa mtaa ambapo barabara inapanda kilima. Muuzaji alikuwa na miwani mbili za jua, moja machoni na nyingine utosini, sijui ile ya juu ilikuwa inaangalia nini. Magari yake yalikuwa mitumba ya Japani, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya kula. Ya bei yetu na yenye ndoano ya tela nyuma yalikuwa mawili tu. Moja pikapu nyekundu, ina redio na michirizi ya njano ubavuni. Jingine Landrova kuukuu iliyoegeshwa pembeni peke yake, sura ya mtu aliyeamshwa usingizini kwa kelele.

Moyo wangu ulikwenda kwa nyekundu. Nilishajiona nimekaa mbele, kiwiko dirishani, napita mbele ya shule ya wasichana.

Mama hakuangalia rangi. Kwao Magu baba yake hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo mama ndiye aliyefundisha maksai wa kulima. Maksai mgeni hawamchagui kwa pembe. Wanamzunguka, wanamsukuma kiunoni waone anavyosimama, halafu wanamfunga gogo alivute: kwanza tambarare, kisha kupanda, kisha kushuka. Mama akaizunguka pikapu, akaisukuma kwa nyonga, akachuchumaa nyuma yake akaitazama miguu.

"Mayu," muuzaji akamwambia kwa heshima ya Kisukuma, ila anacheka, "hapa huchagui ng'ombe."

"Najua, baba. Ng'ombe ningemwangalia meno. Nataka nifunge tela langu, nijaze mawe, nipande na nishuke hapo kilimani. Yote mawili."

"Aaa, hapana. Gari za watu hizi. Unanunua, unaondoka, mawe utapakia kwako."

Mama akanitazama. Nikaelewa kwamba ule mdomo wangu unaonifukuzisha darasani leo umepata kazi. Nikapanda juu ya jiwe.

"Jamani eee! Njooni muone gari linaloogopa tela la farasi! Na farasi mwenyewe hayumo!"

Mabatini haihitaji kuitwa mara mbili. Wakaja wauza nyanya, fundi baiskeli na gurudumu lake mkononi, watoto wasio na idadi.

"Umesemaje, bwana mdogo?" muuzaji akavua ile miwani ya machoni.

"Shikamoo. Sijasema mimi, gari lako lenyewe linatetemeka."

"Marahaba," akasema kwa uchungu. Watu wakaangua kicheko. "Lete hilo tela! Lete na mawe! Mtaona leo."

Mawe Mwanza si kitu cha kutafuta. Tulipakia, mama amesimama pembeni anaangalia springi zinavyolala. "Bado. Huyo ni mtamba mmoja na paja la mwenzake. Ongeza." Tukaongeza kichwa, tukaongeza mbavu, mwenzangu mmoja akabeba jiwe akatangaza kuwa hilo ni kiwele. Mama akasema sasa wametimia wawili.

Muuzaji alitaka kijana wake aendeshe. Mama akanyoosha mkono kuomba ufunguo, na mkono ukakaa hivyo hivyo hewani mpaka akapewa.

Nyekundu ilipanda kilima ikiimba. Nilipiga makofi, najuta. Kwenye kushuka mama akakanyaga breki katikati ya mteremko, na hapo tela likaonyesha nani mkubwa. Lilikisukuma kile kigari kwa nyuma, matairi yamesimama lakini gari linakwenda, mkia ukapinda upande, wauza nyanya wakaruka. Mama akakielekeza kwenye lundo la mchanga wa mtu aliyekuwa anajenga, kikanyamaza humo. Akashuka, akajikung'uta sketi.

"Kokoto za barabarani hizo, ndizo zimetelezesha," muuzaji akasema.

"Jepesi," mama akasema. "Kuvuta linavuta. Kuzuia haliwezi."

Landrova haikuwaka. Tuliisukuma, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi uliompoteza fundi baiskeli kwa muda. Ilipanda kilima polepole hivi kwamba kuku mmoja aliipita, na kuku hakuwa na haraka. Lakini kwenye kushuka mama akaingiza gia ndogo, gari likalalamika kwa sauti nzito, likashuka hatua kwa hatua, na pale alipokanyaga breki likasimama. Likasimama kabisa, tela nyuma yake, mawe hata hayakugongana.

Ningesema tukanunua, lakini haikuwa hivyo. Muuzaji aliona anashindwa mbele ya watu, akashusha bei ya nyekundu, akaahidi kuiwekea breki mpya na kuipakia mzigo wa vyuma sakafuni iwe nzito. Na mama akasita. Sijawahi kumwona akisita. Landrova ilikuwa imegoma kuwaka, na nesi hawezi kusubiri gari linalosukumwa na wanafunzi. Alisimama katikati ya yale magari mawili, mkono kiunoni, na pesa zake za miaka kumi na moja zimefungwa kwenye kitambaa kifuani.

Hapo nikaingia chini ya nyekundu. Si kwa akili sana. Ni kwamba tangu Jumapili nilikuwa najua jambo moja kuhusu magari ambalo wengi hawalijui: bampa limeshikwa na nini. Nilikuta ndoano ya tela imechomelewa kwenye bati la bampa, na weldingi tayari ina ufa unaoingiza kucha. Chesi, ule mhimili wa chini unaobeba gari zima, ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mpya. Nikatoa mfukoni bikari ya mkebe wangu wa hesabu, nikachoma. Iliingia kama kwenye andazi. Nikatambaa hadi chini ya Landrova, nikachoma tena. Ncha ya bikari ikapinda.

Nilitoka na mafuta kichwani.

"Mama, nyekundu imeoza. Ndoano yake imeshika bampa tu, kama mimi nilivyofanya. Ya Landrova imefungwa kwenye chuma chenyewe, bolti nne."

"We mtoto! Unatoboa gari la watu?" muuzaji akafoka.

"Sijatoboa, mzee. Tundu lilikuwepo, lilikuwa linasubiri mgeni."

Mama akachukua bikari, akainama mwenyewe, akachoma mara moja. Akainuka, akafungua kitambaa. Fundi baiskeli akasema kutowaka ni betri tu imechoka, na alikuwa sahihi, ingawa moshi ulikuwa bado haujamtoka puani.

Siku ya safari tulikwenda Magu alfajiri kuchukua mitamba, mchana tukawa Kigongo kwenye foleni ya pantoni. Mteremko wa pale gatini unaenda moja kwa moja ziwani, na ukiteleza utaishia kwa kambare. Mpanga magari akaja kwenye dirisha la mama.

"Mama, dereva wenu yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Akatazama upande wangu, nikatazama ziwa. Akapuliza filimbi tushuke. Tulipofika katikati akanyoosha kiganja: lori mbele lilikuwa halijajipanga vizuri. Mama akakanyaga. Mitamba wawili nyuma, ziwa mbele, watu wote wa foleni wameshuka kutazama tela la farasi linavyokwenda kuogelea. Landrova ikakaa. Dakika moja, mbili, tano. Nyuma nilisikia mtamba mmoja anacheua. Filimbi ikalia tena, mama akaachia taratibu, na tukaingia juu ya pantoni huku wauza samaki wanapiga vigelegele kama tumeoa.

Ng'ambo, nesi alihesabu miguu yote minane, akaishika mmoja mmoja. Majirani walikuwa wamepanga mstari uani kwake. Watatu waliagiza pale pale, na mmoja akataka dume. Mama alikuwa anaandika majina kwenye daftari langu la jiografia, anacheka kama sijawahi kumsikia tangu kiwandani. Nesi akauliza ni nani aliyetuchagulia gari zuri namna ile, nami nikakohoa kidogo nikanyoosha shingo.

"Ni huyu hapa," mama akasema. "Na mavi yote yaliyomo kwenye tela ni yake, ayaoshe kabla pantoni halijarudi."