Ndimu ya Halua

Leo mama yangu amenimaliza kwa maneno machache tu.

Binti yangu anasomea kemia. Amekuja nyumbani Isiolo na kipande cha plastiki ya wanga wa mahindi, ile inayooza ardhini. Kilikuwa laini, sasa kinavunjika kama biskuti.

"Tulisahau kutia asidi ya ndimu," akasema. "Bila hiyo, wanga unaganda chembechembe."

Nikaweka kikombe changu cha chai chini, nikamtazama mama.

Miaka ya themanini, harusi ya dada yangu, mama alinipa ndimu niikamulie kwa shira ya halua, ile sukari iliyochemshwa, isigande. Nikaenda nyuma ya jikoni, nikailamba yote na chumvi.

Halua ikaganda chembechembe. Wageni kutoka Merti wakaiacha kwa sahani. Mama akawaomba msamaha, akasema sukari ya duka ilikuwa mbaya.

Sikuwahi kumwambia mtu.

Leo nikajaribu. "Mama, ile halua ya harusi..."

Hakuinua hata macho kutoka kwa kikombe.

"Sukari ilikuwa nzuri," akasema. "Mdomo wako ndio ulinuka ndimu."

Akaendelea kunywa chai.

Yangu imepoa. Sisikii aibu, sisikii chochote. Nyinyi mngemjibu nini?