Asubuhi ya Pili

Bi Shamila alikuwa ameogesha vichanga vya mtaa wao, pale Kondoa mjini, kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwanamke akijifungua, yeye ndiye aliyeitwa, na alikaa na mzazi mpaka arobaini iishe. Kazi hiyo hakuisomea popote. Aliipokea kwa mama yake.

Mwaka wa tisini na tatu Salha, mke wa Nasri, alijifungua mtoto wao wa kwanza, Anuari. Nasri alikuwa mfanyabiashara. Miaka michache nyuma hata sabuni ya kufulia ilikuwa ya kupanga foleni. Sasa bidhaa za nje zilikuwa zimejaa madukani. Mtoto alipofikisha siku tatu, Nasri alirudi kutoka Arusha na boksi zima: sabuni ya waridi, losheni ya buluu, poda yenye harufu ya kujaza chumba. Akasema mwanawe hataogeshwa kizamani.

Kwa wiki za mwanzo za kichanga chochote Bi Shamila alizoea maji matupu ya uvuguvugu, aliyoyapima kwa kiwiko. Alitaka kulisema hilo. Lakini Nasri alikuwa kijana mwenye heshima, tena amejigharimu, naye akaogopa kuonekana mshamba. Akaifungua sabuni.

Asubuhi ya pili aliona wekundu kwenye mikunjo ya shingo. Akajiambia ni joto. Siku mbili baadaye ngozi ya mapajani ilianza kubanduka, na maji yakimgusa tu mtoto analia mpaka sauti inakatika. Salha alipouliza, alimjibu kuwa ni vipele vya joto, vitapita. Akaongeza poda. Siku ya sita tangu sabuni ifunguliwe malengelenge yalipasuka, homa ikapanda, mtoto akakataa ziwa. Wakamkimbiza hospitali.

Nesi aliyewapokea, Cecilia, aliuliza mtoto amepakwa nini. Kabla Bi Shamila hajafungua kinywa, Nasri akasema, "Bibi huyu ana majani yake ya kienyeji."

Bi Shamila hakuwa amegusa jani hata moja. Alimtazama Salha, Salha akainamisha macho. Basi Bi Shamila naye akanyamaza.

Cecilia alimnusa mtoto utosini, kisha akaagiza kila walichotumia kiletwe. Alipoziona chupa zile alizitenga. Aliwaeleza kuwa ngozi ya kichanga ni nyembamba mno, manukato huiunguza. Waache vyote, wamwogeshe haraka kwa maji safi ya uvuguvugu, na wamkaushe kwa kumbonyeza taratibu kwa kitambaa laini, wasimsugue. Vidonda akavitibu mwenyewe.

Baada ya wiki mbili Anuari alipona. Lakini maneno yalikuwa yameshatangulia kufika mtaani: Bi Shamila kambabua mtoto wa watu. Mwaka ule wanawake watatu walijifungua jirani naye, hakuitwa hata na mmoja.

Hayo aliyavumilia. Kilichomkosesha hamu ya kula ni ile asubuhi ya pili, ule wekundu wa shingoni alioutazama kwa macho yake. Mwishowe alimwendea Salha.

"Mwanangu, niliona mapema. Nikanyamaza."

Salha alimweka mtoto vizuri mapajani. "Na mimi niliona, bibi," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe useme."

Akampa mtoto ampakate. Nasri alipoingia alimwamkia shikamoo kama siku zote. Habari ya majani hakuigusa, wala hakuikanusha kwa yeyote.

Mwaka uliofuata mwalimu mmoja, Penina, aliyehamishiwa Kondoa kutoka Buigiri, alijifungua, akamwita. Alikuwa mgeni, hakuwa amesikia lolote. Bi Shamila alikaa ukingoni mwa kitanda na, kabla hajamgusa mtoto, akamsimulia yote, pamoja na ukimya wake. Penina alisikiliza mpaka mwisho. Alimshukuru, akasema atamtumia mtu amwite aje kuanza kazi.

Bi Shamila alisubiri wiki nzima. Mtu hakuja.